WATOTO WETU NA HABARI ZA UCHAGUZI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Huenda mtu akauliza: chama cha wafanya kazi kina shauri gani na masomo ya shuleni? Jibu langu ni hili. Katiba ya mwaka 2010 yasema uchaguzi mkuu ufanyike Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Baada ya ule wa 2022, zamu ni tarehe 10 Agosti 2027. Watoto waliozaliwa mwanzo wa mwaka 2008, wakati nchi ilipokuwa ikiungua, siku hiyo watakuwa na haki ya kupiga kura.

Hamkusahau moto ule. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 walikufa, na mamia ya maelfu walifukuzwa makwao. Uvumi na maneno ya chuki yaliyopitishwa kwa simu yalikuwa kuni zake. Nasi twajua ya kuwa mfanya kazi akimwogopa mwenziwe, hapana chama tena.

Kwa hiyo yafaa watoto wafundishwe mambo matatu.

La kwanza, kuuliza habari imetoka wapi. Mwaka 2017, kabla ya uchaguzi, zilienezwa picha za sinema zenye alama za BBC na CNN, zikitangaza mgombea fulani yuko mbele. Mashirika hayo yote mawili yakakana. Picha zilikuwa za kughushi. Mtoto ajue ya kuwa alama yaweza kuibwa kama muhuri. Akipokea habari, na aende kwa mwenye habari mwenyewe akaone kama kweli ameisema.

La pili, kuelewa hesabu. Agosti 2022 vituo vya televisheni vilionyesha jumla mbalimbali, huyu akimweka mgombea mmoja mbele na yule akimweka mwingine. Wengi walidhani kuna anayesema uwongo. Lakini kila kituo kilikuwa kikijumlisha fomu za mahali tofauti kwanza.

Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili kwa masanduku matatu. Watoto wachague baina ya embe na ndizi. Tuseme sanduku la kwanza lina embe 30 na ndizi 10. La pili embe 12 na ndizi 28. La tatu embe 15 na ndizi 25. Aliyefungua mawili ya kwanza atasema embe yaongoza, 42 kwa 38. Aliyeanza na mawili ya mwisho atasema ndizi yaongoza, 53 kwa 27. Wote wawili wamesema kweli, na wote wawili hawajamaliza kazi. Jumla ni ndizi 63, embe 57. Mtoto aliyeyafanya haya kwa mikono yake hatashika jiwe kwa sababu ya hesabu ya nusu.

La tatu, kujua karatasi. Katika uteuzi wa KANU wa mwaka 1988 watu walipanga mlolongo nyuma ya wagombea. Mlolongo ulipotawanyika, hapakubaki kitu cha kuhesabiwa tena. Siku hizi kura ya urais huhesabiwa pale pale kituoni, na matokeo huandikwa katika Fomu 34A. Mawakala hutia sahihi, na nakala hubandikwa hadharani. Fomu 34B hujumlisha eneo la ubunge, na Fomu 34C nchi nzima. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, na sababu moja kubwa ilikuwa jinsi matokeo yalivyopelekwa. Mwaka 2022 picha za Fomu 34A ziliwekwa kwenye tovuti ya tume, kila mtu aone. Mtoto anayejua kusoma fomu hiyo na kujumlisha hahitaji kuamini kelele za mtu ye yote.

Mtaala wa umilisi wenyewe umetaja uraia na ujuzi wa dijitali, basi mlango uko wazi. Lakini mwalimu asimwambie mtoto ampende nani. Hiyo si kazi yake, wala si yetu.

Sasa neno kwa wazazi. Uvumi mwingi watoto huusikia kwetu, mezani na katika WhatsApp zetu. Siku mtoto atakapouliza kwa adabu, "Baba, habari hii umeipata wapi?", usimkaripie. Mjibu. Kama huna jibu, usiipeleke mbele.

Ndugu Mwenyekiti, naleta mashauri mawili. Kwanza, tawi liandikie halmashauri za shule wanazosoma watoto wetu, kuomba somo hili lifundishwe mapema, kabla joto la kampeni halijapanda. Pili, tutakapochagua viongozi wa tawi, tuwaalike wanafunzi wakubwa waketi nyuma ya ukumbi, watazame sanduku likifunguliwa mbele ya wote, kura zikisomwa moja moja, na karatasi ikitiwa sahihi.

Na kama yuko mwanachama anayeona haya watoto kututazama tukihesabu, basi na tutengeneze kwanza hesabu zetu.