Kumlea Mtafiti: Wanafunzi wa Kilatino na Sayansi ya Saratani Nchini Marekani

Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu Walatino milioni 62.1, karibu mtu mmoja katika kila watano. Katika maabara za saratani idadi yao hailingani hata kidogo na hesabu hiyo, na hasara si ya ajira peke yake. Ikilinganishwa na Wazungu, saratani za matiti na mapafu huwapata Walatino kwa kiwango cha chini. Za ini, tumbo, kifuko cha nyongo na mlango wa kizazi huwapata zaidi. Watoto wao nao huongoza kwa aina ya saratani ya damu inayoanzia kwenye seli za limfu. Mwaka 2014 Laura Fejerman, mwanasayansi kutoka Argentina, pamoja na wenzake walitangaza kwamba kuna badiliko la jeni, lililorithiwa kutoka kwa wenyeji wa asili wa bara la Amerika, linalopunguza hatari ya saratani ya matiti. Anayechunguza damu za watu wa asili ya Ulaya tu hawezi kuliona.

Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliweka mpango wa ngazi kwa ngazi, unaoanzia sekondari hadi kwa mtafiti anayeanza kujitegemea. Ngazi ya chini ndiyo inayopendwa na wafadhili: wiki chache za likizo, koti jeupe, bango la matokeo, picha ya pamoja. Ina faida yake, lakini wengi hupotea baadaye, kati ya shahada ya uzamili na ya uzamivu, wakati kijana amepata kazi ya afya yenye mshahara na nyumbani anategemewa.

Pengo hilo ndilo lililolengwa na programu ya Éxito! ya San Antonio, Texas, iliyoongozwa na Amelie Ramirez. Wanafunzi wa uzamili na wahitimu wake walikusanywa kwa siku 5 za mafunzo: namna ya kuchagua chuo, kuandika maombi, kupata fedha za masomo, na kuizungumzia safari hiyo ndefu na wazazi au mwenzi. Hilo la mwisho si dogo. Kwa familia ambayo haijawahi kuwa na msomi wa chuo kikuu, miaka mitano zaidi darasani huonekana kama kukwepa wajibu, na posho inayotosha kutuma kidogo nyumbani hushawishi kuliko hotuba yoyote.

Kazi ya mlezi wa kitaaluma huanzia pale mtaala unapokoma. Mwanafunzi hufundishwa baiolojia ya seli. Hafundishwi jinsi ya kumjibu mhakiki aliyekataa makala yake, nani huandikwa wa kwanza katika orodha ya waandishi, wala kwamba ombi la ruzuku lililokataliwa hurekebishwa na kurudishwa. Mtoto wa profesa huyasikia hayo mezani. Mwingine huhitaji mtu wa kumwambia, na mtu huyo si lazima awe Mlatino. Maprofesa wa Kilatino ni wachache, na kuwatwika wanafunzi wote ni kuwanyima muda wa utafiti unaowapandisha cheo. Afadhali walezi wawili au watatu: mmoja wa maabara, mmoja wa njia ya kazi, mmoja anayeyajua maisha ya nyumbani.

Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, imegawana malezi hayo kwa ubia wa taasisi. Chuo Kikuu cha Puerto Rico kilishirikiana na kituo cha saratani cha MD Anderson cha Houston, na chuo cha sayansi za afya cha Ponce kilishirikiana na kituo cha saratani cha Moffitt cha Tampa. Mwanafunzi alipata vifaa vya bara bila kuhama kisiwa moja kwa moja, na Ponce ikajijengea hifadhi ya sampuli za uvimbe, hivyo utafiti ukabaki karibu na wagonjwa.

Mwaka 2025 serikali ya shirikisho ilifuta programu kadhaa za kuwaandaa watafiti kutoka jamii zenye uwakilishi mdogo. Mishahara ya maprofesa mara nyingi hulipwa kutoka mafungu mengine, kwa hiyo ushauri wao unaweza kuendelea. Posho za wanafunzi, kinyume chake, zilitegemea ruzuku za programu hizo zilizofutwa, na vyuo vinavyotaka kuwabakiza vijana hao sasa vinalazimika kuzitafuta katika bajeti zao au kwa wahisani.