Nani anaweza kukopa kwa jina lako?

Maneno ya komite katika mkutano wa Alimbongo

Tunaandika hapa yale tuliyosema katika mkutano, juu wengi walikuwa shambani kwa viazi na hawakufika. Na ulizo lile bado linatufuata njiani: "Naweza kuandikisha bibi yangu, ao mtoto wangu, ndani ya kitabu changu cha mkopo?"

Ndiyo, inawezekana. Lakini tuseme kwanza ulizo hili lilitoka wapi.

Desemba 2024, vita ilipofika hapa kwetu, tulikimbia kwa kufuata barabara ya taifa namba 2. Wengine walibaki Lubero, wengine wakafika Butembo, wengine mpaka Beni. Jamaa zikatawanyika. Mama mmoja wetu alifika Butembo na watoto wane, na kitabu cha akiba cha bwana yake amekifunga ndani ya kitenge. Bwana alipita njia ingine, na kwa miezi miwili hakuna aliyejua yuko wapi. Pesa ilikuwa ndani ya COOPEC moja, kwa jina la bwana peke yake. Mama alipoenda kuiomba, waliomba karte yake ya uchaguzi, wakaangalia, wakamwambia: "Mama, hatukukatalii, lakini jina yako haiko hapa." Alirudi mara tatu. Watoto walikula kwa jirani.

Tuwe na haki. Wale wa dirishani hawakukosa. Kama wangetoa pesa kwa kila mtu anayefika na kitabu cha mwingine, nani kati yetu angeweka tena kitu pale?

Katika mkutano kuna aliyesema ni sheria inakataza wanawake. Hapana. Ile sheria ya jamaa ya 1987 ndiyo iliyodai mke apate ruhusa ya bwana. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa hayo. Mama anaweza kufungua konti yake mwenyewe leo, bila barua ya mtu. Shida ya yule mama ilikuwa jina tu: halikuandikwa wakati kulikuwa amani, na wakati wa kukimbia hakuna anayeandika.

Sasa, kuandikwa ni namna nyingi, na hapo ndipo watu wanachanganya. Kuna barua ya ruhusa: mwenye konti anasema fulani atoe pesa kwa niaba yangu. Barua ile inakufa pamoja na aliyeiandika. Akifa leo, kesho haina nguvu tena, pesa inaingia katika mambo ya urithi. Kuna konti ya wawili, ambayo wote ni wenyewe. Na kuna kumpa mtu nguvu ya kukopa kwa jina lako. Hii ya mwisho ndiyo nzito.

Ndugu zetu walioko Kanada na Marekani wanaijua vizuri. Kule mtu ana kadi ya mkopo ya benki, anaomba benki imwongezee bibi ao mtoto. Mtoto anapata kadi yenye jina lake, anaenda dukani, ananunua. Mwisho wa mwezi deni linafika kwa nani? Kwa papa. Mtoto hakusaini deni na kwa kawaida benki haitamfuata yeye.

Kwetu mambo ni yale yale, na hapa sisi komite tunakiri tulikosa. Mzee mmoja alituambia tumwandike kijana wake. Tukaandika jina, basi, hatukuuliza mpaka wapi. Kijana akaja, akakopa ya kutengeneza moto, na moto ikaharibika tena. Mzee alilipa kwa kuuza mbuzi. Alikuja kwetu na hasira: "Mimi nilisema aandikwe juu aniletee pesa nikigonjwa, si juu akope!" Alisema kweli.

Kwa hiyo kitabu kipya kina ukurasa wa majina wenye sehemu mbili. Moja ni kuweka na kutoa akiba. Ingine ni kukopa. Mwenye kitabu anasaini kila sehemu peke yake, ao anaweka kidole, na kwa kukopa anaandika mwisho ni ngapi. Mwisho huo haupite akiba yake. Asiyetimiza miaka 18 hakopi. Ukitaka kumwondoa mtu, unakuja na kitabu, tunafuta jina mbele ya washahidi wawili. Lakini deni alilokamata kabla ya kufutwa linabaki lako. Tunarudilia hilo, juu hapo ndipo makelele yanaanzia.

Neno dogo juu ya simu. Pesa ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money inafuata jina lililoandikishwa na ile laini. Kumpa mtoto namba ya siri si kumwandikisha. Ni kumpa mfuko wazi. Na laini ikipotea, mwenye jina ndiye anayeweza kuirudisha. Afadhali bibi awe na laini yake, kwa jina lake.

Papa mmoja alinung'unika nyuma: "Bibi akiandikwa, atajua pesa yote." Wamama walicheka sana. Tulimjibu: ndiyo, atajua.

Waliopoteza karte ya uchaguzi katika kukimbia waje na wamemba wawili wanaowajua. Vitabu vipya viko kwa mwandishi, na wafadhili waliolipa uchapaji tunawaambia asante. Asiyejua kusoma aje na mtu anayemwamini amsomee, lakini kidole aweke yeye mwenyewe. Yule mama wa Butembo alikuja wa kwanza. Bwana yake, aliyerudi mzima, alikuwa nyuma yake katika mstari.