Mkojo wa Mtoto wa Kiume
Msikilizaji, unapombadilisha mwanao nepi, tazama mkojo unavyotoka. Mtoto wa kiume mwenye afya huurusha, wakati mwingine hadi usoni pako! Ukidondoka matone, akajikamua huku analia, tumbo la chini likavimba au homa ikarudi kila mara, huenda amezaliwa na vijiutando vinavyoziba njia ya mkojo. Vijiutando hivi huwapata wavulana tu. Si kurogwa, wala mitishamba haiviondoi. Hospitalini huwekewa kwanza mpira wa mkojo, kibofu kipumue. Kisha daktari bingwa hupitisha kamera nyembamba na kuvikata, bila kupasua tumbo. Baada ya hapo kliniki ni ya miaka, kwani figo huenda zilianza kudhurika tangu tumboni mwa mama. Ukiona dalili hizi, mpeleke leo, usingoje akue.