Kijana Anayetaka Kazi za Fedha Asome Nini, na Wapi?

(Mhadhara kwa wazazi na vijana wa kidato cha sita, Kwa Sadala, wilayani Hai)





Huenda wengi wenu mlitarajia mwalimu wa madrasa azungumzie tawhidi au swala, na hakika hayo ndiyo niliyoyasomea. Lakini swali ninaloulizwa siku hizi, pengine kuliko maswali ya twahara, ni hili: "Ustadhi, mwanangu anataka kusomea mambo ya fedha, afanye kazi benki au katika makampuni ya ushauri elekezi. Nimruhusu?" Kijana naye huja peke yake baada ya Isha, akauliza swali lile lile kwa upande wake: asome chuo gani na kozi gani, ili apate kazi ya namna hiyo bila ya kuiuza dini yake.

Nianze na linalowatia watu hofu. Katika hadithi ya Jabir iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) amewajumuisha katika laana moja mla riba, mwenye kumlisha, mwandishi wake na mashahidi wake wawili. Huyo mwandishi ndiye anayemgusa mhasibu wa leo. Hata hivyo, katika Suratul Baqara, mara baada ya aya zinazokemea riba, inafuata aya ya 282, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo inaamrisha madeni yaandikwe, na mwandishi awe muadilifu. Kalamu ya mwandishi wa madeni basi haikuharamishwa. Kilichoharamishwa ni riba inayoandikwa kwayo.

Ama kuajiriwa katika benki ya riba, wanazuoni wa zama zetu wamelizungumza. Sheikh Ibn Baz, aliyefariki mwaka 1999, hakuruhusu, hata kwa mlinzi wa mlangoni. Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki mwaka 2022, alilegeza kwa mwenye dharura na kwa sababu ya haja ya Waislamu kuijua kazi hiyo. Mimi naiona kauli ya kwanza kuwa ndiyo salama zaidi. Lakini jambo linalosahauliwa ni kwamba Sheikh akishatoa fatwa, kijana hubaki na maisha yake. Kama amesomea kitu kimoja tu kinachoajiriwa mahali pamoja tu, na ana deni, na nyumbani wanamtazama, fatwa hiyo ataisikiliza kwa masikio ya mtu mwenye njaa.

Kwa sababu hiyo shauri langu ni hili: chagua shahada itakayokuwezesha kukataa. Usitangulize kuuliza ni kozi gani ina mshahara mkubwa. Uliza kwanza: nikiletewa mkataba wa kazi nisioridhika nao, nina mlango mwingine wa kugonga?

Kwa kipimo hicho, uhasibu umeipita kozi ya mambo ya benki. Aliyesomea benki peke yake anategemea benki imwajiri. Mhasibu anahitajika hospitali ya KCMC, anahitajika kiwanda cha sukari cha TPC, anahitajika katika makampuni ya utalii, halmashauri, mashule, vyama vya mazao na ofisi za ukaguzi wa hesabu. Tena uhasibu una bodi yake, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, na cheti chake cha CPA kinamsimamisha mtu kwa miguu yake mwenyewe. Kwa kawaida mwenye shahada ya uhasibu inayotambuliwa husamehewa ngazi ya awali ya mitihani hiyo, ilhali aliyesoma fani nyingine huanzia chini. Kabla ya kujaza fomu, muulize mwenye chuo swali hilo moja: kozi hii NBAA wanaipokea wapi? Jina tamu la kozi lisikudanganye.

Wapo vijana wenye vichwa vya hisabati. Hao nawaambia watazame uchumi, takwimu, na ile fani inayoitwa takwimu bima, yaani elimu ya kukadiria ajali, vifo na hasara ili bima na mifuko ya pensheni ijiendeshe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaifundisha. Wataalamu wake ni wachache, na takaful, yaani bima ya kusaidiana isiyo na riba, haiwezi kusimama bila ya watu hao.

Hapa niseme na wazazi kwa uwazi. Mlango huu haufungwi kidato cha sita, unafungwa kidato cha pili. Hisabati ndilo somo ambalo watoto wetu hulifeli mno katika mtihani wa kidato cha nne, na mtoto akirudi nyumbani na sifuri mzazi hucheka: "Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo." Mtoto huyo ameshazuiwa kuingia ECA na EGM, na kozi nyingi za fedha na uchumi zinamtaka awe amefaulu hisabati katika ngazi fulani. Madrasa inayofundisha mirathi bila ya kuhakikisha mwanafunzi anajua sehemu, moja ya sita na moja ya nane, nayo ina fungu lake katika lawama hiyo.

Sasa vyuo. Watu wa mlimani tuna desturi ya kudhani kilicho mbali ndicho kizuri. Tunacho hapa Moshi Chuo Kikuu cha Ushirika. Kilianza mwaka 1963 kama Chuo cha Ushirika, kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Sokoine mwaka 2004, na tangu 2014 ni chuo kikuu kamili, chenye shahada ya uhasibu na fedha. Arusha kipo Chuo cha Uhasibu, Njiro. Kijana wa Kwa Sadala akipanda gari asubuhi anafika Moshi kabla ya kipindi, na jioni amelala kwao. Fedha ambayo angelipia chumba Dar es Salaam itamlipia mitihani ya bodi. Sisemi kwamba Dar es Salaam haina faida. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kipo huko tangu mwaka 1972, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina jina, na makampuni makubwa ya ukaguzi na ushauri yana ofisi zao katika jiji hilo. Anayelenga makampuni hayo na ana alama za juu, aende. Lakini ajue kwamba makampuni ya ushauri elekezi huchukua watu wa fani mbalimbali, wahandisi kwa wanasheria, na wanachotazama kwanza ni ufaulu, kuandika kwa ufasaha na kufikiri kwa hesabu. Kijana mwenye GPA ya 3.5 na zaidi, yaani daraja la pili la juu, kutoka chuo cha karibu, ana nafasi bora kuliko mwenye 2.4 kutoka chuo chenye jina.

Je, vyuo vyetu vya Kiislamu? Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro na Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu ni amana yetu, na mazingira yake yanamlinda kijana. Lakini apimwe kwa maswali yale yale: kozi imeidhinishwa? Bodi inaitambua? Neno "Kiislamu" katika jina la kozi halijui kusoma mizania.

Jambo hili lina uzito zaidi ya ajira. Benki ya KCB ilifungua dirisha lisilo na riba nchini mwaka 2008, NBC ikafuata 2010, na Amana, benki ya kwanza nchini kujiendesha yote kwa misingi ya sharia, ilianza 2011. Mwaka 2022 hatifungani ya sukuk ya KCB iliuzwa kwa umma. Milango imefunguka, lakini ni nani anayehakikisha kwamba kilichomo ndani ndicho kilichoandikwa mlangoni?

Chukueni mfanyabiashara wa ndizi wa soko letu hapa. Anataka mabati 100 ya kuezekea ghala, kila moja kwa shilingi 30,000, jumla 3,000,000. Benki ya riba itampa fedha hizo na kudai 3,450,000. Benki ya murabaha itanunua mabati yenyewe, iyamiliki, kisha imuuzie kwa 3,450,000, alipe 287,500 kwa miezi 12. Mtu wa sokoni atasema: hesabu ni moja, mnatuchezea. Naye ana haki ya kusema hivyo, iwapo benki haikuyamiliki mabati hata kwa saa moja, fedha zikapita mkononi mwa mteja, na risiti ikaandikwa ili kujaza jalada. Tofauti ya halali na haramu hapo imo katika tarehe ya ankara, jina la mnunuzi, hati ya kupokea mzigo, na ni nani angebeba hasara kama mabati yangeungua njiani.

Sisi tuliosoma kwa Kiarabu tunayajua masharti ya murabaha, tunayafundisha, lakini mpe mmoja wetu jalada la mikopo 300 uone. Mhasibu naye analisoma jalada lote kabla ya Adhuhuri, ila hajui kwamba tarehe mbili zilizogeuzwa zimeufanya mkataba kuwa riba. Anayehitajika ni mtu mmoja mwenye macho yote mawili. AAOIFI, taasisi iliyoko Bahrain tangu mwaka 1991, inatunga viwango vya uhasibu na sharia na kutoa mitihani ya wakaguzi wa sharia. Mhasibu wa CPA aliyedumu katika darsa la fiqhi ya miamala anaweza kuifikia.

Hata benki ya akiba ya Mit Ghamr kule Misri, iliyofunguliwa mwaka 1963 ili wakulima waweke na kukopa bila ya riba, iliasisiwa na Ahmad al-Najjar, mchumi aliyesoma Ujerumani na kuzichunguza benki za akiba za huko. Aliisoma kazi ya wengine barabara, kisha akaitoa riba ndani yake.

Limebaki la deni. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani, na wapo vijana wetu walioacha chuo kwa ajili yake. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Someni mkataba mstari kwa mstari kabla ya kutia sahihi, na mjue kwamba mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka amalize. Kijana anayekatwa hivyo, kisha nyumbani akatakiwa asomeshe wadogo watatu na amalizie nyumba ya baba mwezi wa kwanza wa ajira, kazi ya haramu ataiachaje? Wazee wangu, mpeni miaka miwili.

Mwisho, Bodi inataka vyeti vya kuzaliwa vilivyohakikiwa na RITA, na kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi. Wengi hapa hawana hicho cha pili, kwani tulizika na kuondoka. Atakayekihitaji aanze wiki hii, matokeo yasije yakamkuta bado anakitafuta. Mwenye kuhitaji msaada wa kujaza fomu anione hapa hapa msikitini baada ya Alasiri, aje na mzazi wake.

Wabillahi tawfiq.