Maji Baridi, Chumvi na Mguu wa Mnyama



Farasi wa mashindano akiumia kano za mguu, hukaa nje ya uwanja kwa miezi. Ndiyo maana mazizi makubwa ya Australia na Ulaya yana mabirika maalumu: farasi husimamishwa ndani, maji ya chumvi yenye baridi ya nyuzi 2 hadi 5 hupanda hadi karibu na magoti, naye hukaa humo dakika 10 hadi 20. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa farasi 27 waliotibiwa kwa maji baridi ya chumvi. Idadi hiyo ni ndogo mno kumaliza mjadala, lakini kanuni inayotumika inafahamika vizuri.

Kano ikichanika, mguu hupata joto na kuvimba. Baridi hubana mishipa midogo ya damu, hupunguza majimaji yanayovujia kwenye uvimbe, na hutuliza maumivu. Uzito wa maji nao huukandamiza uvimbe. Chumvi huyazuia maji yasigande na huwanyima vijidudu nafasi ya kuzaana. Basi tabibu hasa ni baridi. Chumvi ni msaidizi wake.

Chini ya goti, mguu wa ng'ombe, kama wa farasi, ni mifupa, kano na ngozi, hauna minofu. Baridi huufikia upesi. Lakini Nakivale, makazi ya wilaya ya Isingiro, Uganda, yaliyopokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, hatuna birika wala barafu, na maji ya Ziwa Nakivale hayapoi hadi nyuzi 5. Tuna mtungi, kivuli na kitambaa. Maji yaliyolala mtungini, kitambaa kilicholoweshwa na kubadilishwa mara kwa mara kwa dakika 20, mara kadhaa kwa siku katika siku mbili tatu za mwanzo: hayo hayalingani na birika, lakini hupunguza joto la jeraha. Mnyama apumzishwe, asitembezwe malishoni.

Kwenye kidonda kilicho wazi, chumvi kali huunguza nyama inayojaribu kupona. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, lita moja kwa gramu 9 za chumvi safi ya jikoni, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu. Chumvi ya Ziwa Katwe inayolambwa na mifugo si ya kuoshea vidonda.

Ndugu zangu, kabla ya kushika maji, tazameni mdomo wa mnyama. Anayechechemea huku akitoa udenda, ana malengelenge ulimini au katikati ya kwato, huenda ana ugonjwa wa miguu na midomo, ambao umeiletea Isingiro karantini mara kadhaa. Huyo atengwe, na daktari wa mifugo aitwe siku hiyo hiyo. Daktari aitwe vivyo hivyo kwa mguu uliovunjika au usiokanyaga kabisa.

Ombi langu kwa vyuo vyetu ni moja: wanafunzi wapelekwe Nakivale, wapime joto na uvimbe kabla na baada ya tiba hii ya mtungi, kisha waandike matokeo kwa lugha ambayo mfugaji ataisoma. Familia ya mkimbizi yenye mbuzi wawili inastahili sayansi makini kama mwenye farasi wa mashindano.