Kivuli cha Mji

Aliyepata kutembea katika Mji Mkongwe wa Unguja saa saba mchana, jua likiwa kali, hapana shaka ameona jinsi majumba marefu ya mawe, yaliyokabiliana kwa karibu, yanavyoutia ujia kivuli, hata mpita njia akaenda zake kwa raha pasipo kuhitaji gari wala mwavuli. Na kando ya milango zimejengwa baraza za mawe, ambako jirani humjulia jirani hali, wazee hupumzika, na mgeni hukaribishwa kahawa. Nami naziona baraza hizo kuwa tunu kubwa zaidi kuliko nakshi za milango yenyewe. Shirika la UNESCO liliutia mji huo katika urithi wa dunia mwaka 2000.

Basi enyi mnaopima viwanja vipya leo, kabla hamjachora barabara pana ya magari, tafadhalini tengeni kwanza njia ya waendao kwa miguu, miti ya kivuli, na mahali pa watu kuketi na kubarizi. Viwanja vikishauzwa vyote, nafasi hiyo haipatikani tena.