Tutoe Maoni Kabla Mswada Haujawa Sheria

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja. Tumeyaandika ili wale ambao hawakufika wayasome katika mikutano ya vikundi vyao.)



 Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala matangi ya maji. Tutazungumza juu ya miswada. Tunajua kuna watakaosema, "Ah, hayo ni mambo ya wanasiasa." Ngojeni kidogo.

Mama anabeba kikapu cha sukuma wiki mpaka sokoni. Langoni anatozwa ada kabla hajauza hata fungu moja. Je, hiyo ada ilianguka kutoka mbinguni? Hapana. Iliandikwa kwenye karatasi, karatasi ikapelekwa Bunge la Kaunti, ikasomwa, ikajadiliwa, ikapitishwa. Kati ya siku ilipopelekwa na siku ilipopitishwa kulikuwa na nafasi ya wananchi kusema. Swali letu la leo ni hili: nafasi hiyo ikifika tena, vikundi vyetu vitakuwa wapi?

MSWADA NI NINI?

Mswada ni sheria ambayo bado haijaiva. Husomwa Bungeni mara ya kwanza, kisha hupelekwa kwa kamati. Kamati ndiyo inayotakiwa kuwasikiliza wananchi. Halafu mswada husomwa mara ya pili, hurekebishwa kifungu kwa kifungu, husomwa mara ya tatu, na ukipita hupelekwa kutiwa sahihi. Wa taifa hupelekwa kwa Rais, wa kaunti kwa Gavana. Kila mmoja ana siku 14 za kutia sahihi au kuurudisha.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mswada ukiwa kwa kamati, huo ni ufa. Barua moja yaweza kuuziba. Ukishakuwa sheria, huo ni ukuta: itabidi mwende mahakamani, mtafute wakili, mpoteze miaka.

Tena hii si fadhili ya mtu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 118, inalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria. Kifungu cha 196 kinalitaka Bunge la Kaunti lifanye vivyo hivyo. Na kwa wale wanaoona haya kwa sababu ya Kiingereza: kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha rasmi ya Jamhuri, na kifungu cha 120 kinakitaja tena kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kwa hiyo andikeni kwa Kiswahili chenu mnachokijua, bila kuomba msamaha.

MISWADA INAYOGUSA MFUKO WETU

Miswada ni mingi, na hatuwezi kuifuata yote. Tuchague ile inayotugusa.

Wa kwanza ni Mswada wa Fedha wa Kaunti. Huo ndio wenye ada za soko, leseni za vibanda, ada za kichinjio, maegesho ya boda boda, ushuru wa mazao. Usiusome mwanzo tu, fungua nyuma kwenye majedwali. Hapo ndipo bei zimeandikwa. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa kufika Bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Bunge la Kaunti likishapitisha Mswada wa Matumizi, lina siku 90 za kushughulikia Mswada wa Fedha. Basi miezi ya Mei hadi Septemba si miezi ya kulala.

Wa pili ni Mswada wa Fedha wa Taifa, ambao huja karibu kila mwaka wakati huo huo wa Aprili na Mei. Huo unagusa bei ya mkate, mafuta ya kupikia, simu na nauli.

Wa tatu ni miswada inayohusu vikundi vyenyewe. Mwaka 2022 ilipitishwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii. Inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi, kiwe na katiba yake, na kisajiliwe. Sheria hiyo inatuhusu sisi kabisa, lakini hebu tuulizane: ilipokuwa bado mswada, ni vikundi vingapi hapa vilivyoijua? Tulikuja kuijua tulipoambiwa tulete karatasi.

MAONI YETU JUU YA ADA ZA KAUNTI

Sasa tuseme wazi tunavyofikiri, nanyi mtukosoe.

Hatusemi watu wasilipe. Zahanati inataka dawa, barabara inataka changarawe. Mtu anayetaka huduma na hataki kutoa chochote anajidanganya. Lakini kuna mambo matatu tunaona yafaa kusemwa katika kila Mswada wa Fedha wa Kaunti.

Jambo la kwanza, ada iende na huduma. Kifungu cha 209 cha Katiba kinasema serikali ya taifa na za kaunti zaweza kutoza ada kwa huduma wanazotoa. Tena tusikilize vizuri: kwa huduma wanazotoa. Kama soko halina choo, halina maji, na mvua ikinyesha nyanya zinaelea kwenye matope, basi kikundi kina haki ya kuuliza nyongeza hii ni ya huduma gani. Tupendekeze: ada isipande mpaka choo na maji viwepo.

Jambo la pili, mzigo ugawanywe kwa haki. Kifungu cha 201 kinasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa usawa. Mwenye kikapu kimoja na mwenye pikapu wakilipa karibu sawa, aliyeumia ni mwenye kikapu. Na hapa mafundisho ya Kanisa yanakubaliana na Katiba: jamii hupimwa kwa jinsi inavyomtendea aliye mdogo.

Jambo la tatu, mazao yasizuiwe njiani. Kifungu hicho cha 209 kinasema kodi za kaunti zisitumike kwa namna ya kudhuru usafirishaji wa bidhaa kuvuka mipaka ya kaunti. Mkulima akilipa anapopakia, akalipa tena kizuizini, na tena anapofika soko la kaunti nyingine, faida imeishia barabarani. Kikundi kinachouza pamoja viazi, ndizi au maembe kiandike juu ya jambo hili, na kitaje vituo vyenyewe na risiti zake.

"MAONI YETU HAYASIKIWI"

Hili tumelisikia mara nyingi, na halikutoka hewani. Tumewahi kuketi katika mikutano ya maoni ambapo mswada wenyewe haukuwepo. Watu walitia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, wakapewa soda, wakaambiwa asanteni sana. Baadaye zile sahihi zikahesabiwa kuwa ndizo maoni. Mambo kama hayo huvunja moyo. Lakini hebu tutazame yaliyowahi kutokea.

Kaunti ya Kiambu ilipitisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2013. Wananchi walikwenda Mahakama Kuu wakisema hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2014 mahakama ilikubaliana nao na ikaitangaza sheria hiyo kuwa batili. Tena jaji alieleza kwamba kutangaza kidogo gazetini hakutoshi. Bunge la Kaunti litumie njia zinazowafikia watu wengi, akataja makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza na redio za lugha za wananchi. Mmesikia? Makanisa yametajwa. Basi mswada ukitangazwa baada ya misa, msinung'unike kwamba padre ameingia siasa.

Mwaka 2024 mnaukumbuka wote. Mswada wa Fedha ulipendekeza kodi ya asilimia 16 kwa mkate, ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya mboga, na asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Wananchi walilalamika kwa barua mbele ya kamati na kwa sauti barabarani, na hayo matatu yakatangazwa kuondolewa tarehe 18 Juni. Mswada uliobaki ulipitishwa tarehe 25 Juni, na kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Lakini vijana wengi walikuwa wamepoteza maisha, na tunaendelea kuwaombea wao na mama zao. Na mwezi wa Desemba mwaka huo huo, mengine yaliyokuwa kwenye mswada ule yalirudi kwa njia ya Sheria ya Marekebisho ya Kodi.

Tunajifunza nini? Kwanza, maoni yaweza kubadilisha mswada. Pili, haifai mtoto wa mtu afe ndipo mswada usomwe. Tatu, jambo likiondolewa leo laweza kurudi kesho, kwa hiyo anayesema mara moja na kulala, hajamaliza kazi.

NAMNA YA KUANDIKA MAONI YA KIKUNDI

Kamati hupokea karatasi nyingi. Barua inayosema tu "kodi ni nyingi, tunaumia" ni ya kweli, lakini haimsaidii karani. Fuateni hatua hizi.

1. Pateni mswada. Ulizeni katika ofisi ya wadi, kwa MCA, au kwa Karani wa Bunge la Kaunti. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kijana wa kikundi mwenye simu nzuri autafute pia kwenye mtandao.

2. Usomeni pamoja, si mwenyekiti peke yake. Yule mama wa kikapu asikie kile kifungu kwa masikio yake, kwa lugha anayoielewa.

3. Fungueni daftari la kikundi mpige hesabu. Tuseme ada ya soko ni shilingi 50 kwa siku, na mswada unataka iwe 80. Mtu akisikia "shilingi 30 tu" ataona ni kidogo. Sasa mama anayeuza siku mbili kwa wiki ataongeza shilingi 60 kwa wiki, yaani shilingi 3,120 kwa mwaka. Kikundi cha akina mama 20 kitakuwa kimetoa shilingi 62,400 zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, na vilevile haba na haba hukimaliza. Hesabu kama hiyo ndiyo inayomfanya mjumbe wa kamati aweke kalamu chini na kusikiliza.

4. Andikeni kwa ufupi, ukurasa mmoja au miwili. Wekeni jina la kikundi na wadi, jina la mswada na mwaka, nambari ya kifungu au jedwali, linasemaje, linatuumiza vipi, na tunapendekeza liandikwe namna gani. Kama kuna kifungu kizuri, kisifuni pia, kisije kikaondolewa kwa kukosa mtetezi.

5. Tieni sahihi wote, na asiyejua kuandika aweke alama ya kidole gumba. Andikeni tarehe.

6. Pelekeni kabla ya siku ya mwisho. Chukueni nakala mbili, moja iachwe, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa. Nakala yenye muhuri itunzwe kwenye faili ya kikundi. Hiyo ndiyo shahidi wenu siku mtakapouliza, "Maoni yetu yalikwenda wapi?"

7. Mfuatilieni MCA wenu. Mswada ukipita, someni tena kile kifungu mwone kama kimebadilika.

TAHADHARI MBILI

Kwanza, barua ya kikundi isiwe ya chama cha siasa. Katika kikundi kuna watu wa kila upande. Mkianza kumtukana Gavana au kumsifu mpinzani wake, mtagawanyika, na akiba mliyojenga kwa miaka itagawanyika nanyi. Zungumzeni juu ya kifungu, si juu ya mtu.

Pili, asije mtu akawaletea barua iliyokwisha kuandikwa, na bahasha juu yake, mtie sahihi tu. Maoni yaliyonunuliwa ni ya mnunuzi. Yenu yameondoka pamoja na sahihi.

Ndugu zetu, kikundi kinachoweza kuzungusha pesa bila hata shilingi moja kupotea, kinachoweza kumzika mwanachama kwa heshima na kusomesha watoto wake, hakishindwi na karatasi ya Bunge. Kazi tunayoomba ni jioni mbili tatu kwa mwaka, daftari, kalamu na nauli ya mtu mmoja mpaka makao makuu ya kaunti. Ofisi yetu ya maendeleo itasaidia kutafuta miswada na kuitafsiri. Kuisema shida yenu ni kazi yenu, kwa sababu ninyi ndio mnaoijua.

Mungu awabariki.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kila mwanachama alilipa ada gani za kaunti mwezi uliopita? Jumlisheni.

2. Kwa kila ada, ni huduma gani tuliyoipata?

3. Nani kati yetu atatafuta Mswada wa Fedha wa Kaunti mwaka huu, na atatuletea taarifa siku gani?

4. Kama tungeruhusiwa kubadilisha kifungu kimoja tu, tungebadilisha kipi, na tungekiandika vipi?